Gari la Baba Lisilopenda Mchana

Baba yetu alipofariki tulirithi nyumba ya Kanyenye, hapa Tabora, duka la vitambaa lililobaki na vitambaa vichache, na gari la Kifaransa ambalo kama lingekuwa mtu, lingekuwa na vitukuu. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam na wana magari yao ya kubonyeza kitufe. Mdogo wangu wa kike hakujua kuendesha. Gari likabaki kwangu, nadhani kwa sababu nilikuwa mtu pekee katika ukoo aliyeweza kuliendesha bila kulitukana.

Ni gari refu la nyuma pana, lenye safu tatu za viti, na gia yake iko pembeni mwa usukani. Lilikuwa jeupe zamani. Sasa lina rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Baba alilinunua kwa padri mmoja mzee wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao kupumzika. Mmoja aliswali, mwingine alisali, lakini wote wawili walipenda injini, na jioni nyingi walionekana wameinamia boneti moja wakibishana kwa furaha. Siku ya kukabidhi funguo, padri alimpa baba maneno machache tu: asisahau oili, na joto likizidi ageuze kifuniko cha chujio la hewa.

Kifuniko hicho ni sahani ya bati nyeusi inayokaa juu ya kabureta. Kina mshale, na kwenye ukingo wa bati lililo chini yake kuna herufi mbili, E upande mmoja na H upande wa pili. Padri alipanda treni asubuhi yake. Baba akabaki na gari, akasimama mbele ya herufi zile, akafikiri.

"H ni ya hari," alituambia.

"Na E je, baba?"

"E ni ya Ulaya. Wenyewe ndivyo wanavyoiandika. Huko ni baridi."

Hatukuona kasoro katika maelezo hayo, na hata leo nikiyafikiria naona yalikuwa na akili zake. Akageuza kifuniko mshale ukaelekea H, akakaza nati, na tangu siku hiyo kila fundi aliyefungua chujio kulisafisha aliagizwa akirudishe palepale.

Asubuhi gari lilikwenda kama limepakwa siagi. Tatizo lilikuwa mchana. Kuanzia Septemba mpaka mvua zinyeshe, jua la Tabora likishapanda, gari lilianza kukohoa, likatikisika, likatoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli mbichi, kisha likanyamaza. Ukilisubiri lipoe linakubali kuwaka. Ukiliharakisha linasusa mpaka jioni. Baba aliamini ndiyo hulka yake. Kuna watu wasiopenda kelele, na kuna gari lisilopenda mchana. Kwa hiyo safari zetu zote zilianza alfajiri, mara tu baada ya sala. Tukienda harusini Kigwa, tulifika wenye harusi bado wanapiga mswaki. Tukienda msibani, sisi ndio tuliotandika majamvi.

Mimi nilikaa naye mbele. Mama alikuwa ametangulia mbele za haki siku nyingi, mdogo wangu alilala nyuma amejikunja kama paka, na baba aliniwekea vitumbua mapajani vikiwa bado vya moto, akanifundisha kusikiliza injini. "Usitazame saa zile," alisema, akimaanisha mishale ya mbele ya dereva. "Zimekufa zote. Sikiliza."

Basi mdogo wangu akachumbiwa. Kijana ni mwalimu wa hisabati, mtu wa Ujiji, mpole, na walikutana alipokuja kusoma chuo hapa mjini. Ukoo wake nusu uko Ujiji na nusu uko ng'ambo ya ziwa, Kalemie. Aliyefurahi kuliko wote ni shangazi, dada yake baba, anayeishi nyumba ya nyuma yetu na mwenye sauti inayofika sokoni kabla yake.

"Bibi zetu walikwenda Ujiji kwa miguu," alisema, "mizigo kichwani, wiki na wiki porini. Huyu anapanda treni, anakula biskuti, na bado analia kwamba ni mbali!"

Mpango ulikuwa hivi: nikahi ifungwe nyumbani baada ya adhuhuri, watu wale pilau, kisha bibi harusi asindikizwe kwa matarumbeta hadi stesheni, yeye na mumewe na wakwe wapande treni ya Kigoma inayotoka saa tisa alasiri. Harusi ilikuwa Oktoba. Nilikuwa nachambua mchele barazani shangazi alipotangaza kuwa bibi harusi atapelekwa stesheni kwa gari la baba yake.

"Shangazi, itakuwa saa nane mchana."

"Najua."

"Oktoba."

"Mimi nimezaliwa Tabora, usinifundishe Oktoba. Baba yake hayupo kumtoa. Gari lake lipo. Litamtoa."

Nilimtazama mdogo wangu nikitegemea anisaidie. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta uzi kwenye pindo la kanga. "Mimi pia ningependa, dada," alisema taratibu. Mjadala ukaisha.

Kesho yake nikalipeleka gari kwa fundi. Gereji yake ni paa la mabati juu ya nguzo nne, si mbali na kwetu, na yeye ni kijana kidogo kuliko mimi, mcheshi, mwenye tabia ya kuzungumza na magari kabla ya kuzungumza na wenyewe. Gari letu alilijua. Mwalimu wake ndiye aliyekuwa akilitengeneza, na aliporithi gereji alirithi na ugonjwa.

"Tutalituliza, dada," aliniambia. "Leta kesho saa moja asubuhi."

"Asubuhi halina shida, fundi. Ni sawa na kumpima mtu malaria siku aliyopona. Nitalileta saa saba mchana, limetoka kuzunguka mjini, likiwa katika hasira zake."

Alicheka, lakini alikubali. Kwa hiyo kwa siku kadhaa tulifanya kazi wakati wenye akili wamelala vivulini. Alinieleza, na kwa kuwa anaeleza vizuri nilielewa. Kabureta kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa. Joto likizidi hewa inakuwa nyepesi. Injini inavuta pumzi ileile, lakini ndani ya pumzi hiyo hewa ni kidogo, na petroli imebaki vilevile.

"Ni kama ugali," alisema. "Maji yamepungua na wewe unamwaga unga uleule. Utapika jiwe. Sasa hapa injini inapikiwa jiwe kila mchana."

Alisafisha kabureta yote, akapuliza vitundu vyake mpaka mashavu yakamvimba. Kisha akanipa bisibisi, akanionyesha skrubu ndogo ya shaba ubavuni. Hiyo ndiyo inayopunguza na kuongeza petroli injini inapounguruma ikiwa imesimama, ule mngurumo ambao mafundi wanauita sailensa.

"Kaza kidogo kidogo. Usikie."

Nilikaza. Mngurumo ulikuwa mzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Nikakaza tena, ukawa mwepesi. Nikakaza tena, gari likaanza kuyumba, likikaribia kuzima.

"Hapo umelinyima. Rudisha kidogo tu. Hapo! Acha. Unasikia?"

Nilisikia. Sauti ilikaa sawa, ikawa safi, na ile harufu ya petroli mbichi ikapungua. Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilikuwa nimesimama juani na grisi mpaka kwenye kiwiko, mwanamke mwenye duka na heshima zake, nikamwambia fundi asiguse bisibisi ile, ni yangu.

Baada ya hapo alirudisha nyuma taimingi kidogo, ili plagi zisirushe cheche mapema na injini ikaanza kugonga kwa joto. Akaifungua feni akaiona nzima, akaosha rejeta. Mpira wa petroli uliopita karibu na ekzosi aliuhamisha mbali, kwa sababu petroli ikichemka njiani inageuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Nikaona sasa tumemaliza, twende tukajaribu. Tukachukua barabara ya Ntalikwa saa saba mchana, madirisha yote wazi, shangazi kiti cha nyuma. Hakualikwa. Tulipofungua mlango wa mbele tulimkuta ameshakaa.

Kwenda lilikwenda vizuri kabisa, na shangazi akaanza kumsifu fundi kwa jina la baba yake. Tulipofika Ntalikwa tukazima tunywe maji. Kuwasha tena, ikawa stata inalia na injini haijibu. Tulikuwa tumesimama mbele ya nyumba ya mama mmoja mkulima, na picha ya Bikira Maria ilionekana ukutani kupitia mlango uliokuwa wazi. Alitoka akifuta mikono, akamsalimia shangazi kwa Kinyamwezi, shangazi akajibu kwa Kinyamwezi chake cha mjini, na wakaanza kuulizana koo zao kama vile tumekuja kwa ajili hiyo.

"Gari linaumwa?" mama yule akaniuliza hatimaye.

"Jua, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi lipeni maji, na nyinyi mle."

Alituletea ndoo ya maji na sahani ya matobolwa, viazi vile vilivyokaushwa vikachemshwa upya, na kikombe cha karanga. Fundi alilowesha kitambaa akaifunika pampu ya petroli. Tukakaa kivulini tukala. Fundi akaeleza na mdomo umejaa: gari likiwa linatembea upepo unalipoza, likizimwa joto lote la chini linapanda kwenye kabureta, petroli inachemka ndani ya kikombe chake na kufurika. "Nitaweka gasketi nene chini ya kabureta," alisema. "Joto lipate ukuta." Tulipomaliza matobolwa gari likawaka. Mama yule alikataa shukrani zetu, akamwambia shangazi arudi Jumapili yoyote baada ya misa.

Gasketi nene ikawekwa. Tukaenda tena, tukazima, tukawasha, likakohoa mara moja na kukubali. Tukajipongeza sana. Tulikuwa tumelipima kwa kila namna isipokuwa moja. Hatukuwahi kuliendesha kwa mwendo wa matarumbeta.

Wageni walikuja na treni kutoka Kigoma siku chache kabla ya harusi. Miongoni mwao alikuwa mama mdogo wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyevaa kitenge juu mpaka chini pamoja na kilemba cha kitenge hichohicho. Alikuwa ametoka kwa meli Kalemie, alikofundisha shule maisha yake yote, na Kiswahili chake kilikuwa na mtindo wa ng'ambo ambao watoto wa mtaa walianza kuuiga siku hiyohiyo. Yeye na shangazi walitazamana, wakapimana, na hadi jioni walikuwa wakinywa kahawa mkeka mmoja wakiwasema watu.

Siku ya harusi ilianza vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Nikahi ikafungwa, pilau ikaliwa, mdogo wangu akatoka ndani amejitanda buibui la hariri juu ya nguo yake, hina mpaka kwenye viwiko, na wanawake wakapiga vigelegele. Aliposhika mlango wa gari alisimama kidogo, akaweka kiganja juu ya bati kama anavyoshikwa bega mtu mzima. Kisha akaingia nyuma, mumewe pembeni yake, shangazi upande wa pili kama askari. Fundi, aliyevaa kanzu mpya nyeupe na koti, akaingia gari la wageni nyuma yetu. Mbele yetu pikapu yenye matarumbeta ikaanza kupiga.

Matarumbeta hayana haraka. Pikapu ilikwenda mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Inasogea, inasimama, watu wanacheza, inasogea tena. Kila mtaa ulitaka kumwona bibi harusi. Mimi nilikuwa kwenye gia ya kwanza, mguu kwenye klachi, jua limekaa juu ya boneti, na hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Nilianza kusikia ule mngurumo wa chakula mdomoni. Halafu harufu. Nikaongeza mafuta kidogo ili kuushikilia, nikaomba dua zote ninazozijua. Tulipofika karibu na sokoni, mahali penye watu wengi kuliko pote, gari lilitikisika mara mbili, likatoa moshi mweusi, likazima.

Matarumbeta yaliendelea peke yake mpaka kona, kisha yakagundua kuwa hayana harusi, yakarudi nyuma.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Usiulize saa," shangazi akasema. "Washa."

Sikuweza. Bodaboda zikakusanyika, bajaji zikajitolea. Dereva mmoja alipiga kioo cha nyuma kwa adabu, "Bibi harusi, njoo huku, treni itakuacha." Mdogo wangu akashusha kioo.

"Ahsante kaka. Sishuki."

"Treni, dada!"

"Nimesikia. Gari la baba yangu halijafika, na mimi sijafika."

Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile, na sijawahi kutamani sana kumfinya. Jasho lilikuwa limeanza kuchora mistari kwenye poda yake. Mumewe, mtu wa hisabati, alikuwa anampepea kwa kadi ya mwaliko kwa mwendo sawasawa.

Fundi alifika akikimbia, kanzu ameikunja mpaka magotini. Akafungua boneti, na joto lililotoka humo likatufanya sote turudi hatua. Akaomba maji. Muuza maji wa pembeni akatoa chupa za baridi kwenye ndoo yake, fundi akamwagia kitambaa juu ya pampu, mvuke ukapanda. Watu wakasogea kutazama, kila mmoja na ushauri wake. Ndipo umati ukapasuka na mama wa Kalemie akapita katikati na kitenge chake chote, akasimama karibu na fundi, akainama.

"Mbona mumeweka hii motokari ku H?" aliuliza.

"H ni ya hari, mama," fundi akajibu kwa heshima, jasho likimdondoka puani. "Marehemu mwenyewe ndivyo alivyoelekeza."

"Hari gani? Haya ni maandiko ya Kifaransa." Akagusa ile sahani ya bati kwa ncha ya kucha, akaondoa kidole haraka kwa moto wake. "H ni *hiver*. Ni majira ya baridi ya kwao, maji yanakuwa mawe, mutu anatoka moshi mudomoni. E ni *été*, ndiyo wakati wa joto. Marehemu bwana wangu alikuwa na gari ndugu ya hili. Siku moja tu aliweka ku H, nikamucheka mwaka muzima."

Fundi alimtazama. Kisha akainama chini ya kifuniko, akafuata kwa kidole bomba fupi la bati ambalo mdomo wa chujio ulikuwa umelielekea. Bomba lile lilishuka moja kwa moja mpaka juu ya ekzosi. Nami nikaona alichokiona. Kwenye H, injini ilikuwa inavuta hewa iliyokwisha kuokwa.

"Kwa hiyo miaka yote hii…" alianza.

Shangazi alikuwa ametoa kichwa dirishani na kusikia kila neno. "Subirini," alisema, na sauti yake ikanyamazisha hata mpiga ngoma. "Mnataka kuniambia kaka yangu alilivalisha gari sweta? Tabora? Oktoba? Sweta!"

Alianza mama wa Kalemie. Kicheko chake kilitoka tumboni na kikambeba fundi, kikanibeba mimi, kikaenda kwa muuza maji na bodaboda. Nyuma ya kioo niliona mabega ya mdogo wangu yakitikisika, na sekunde moja nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka wanja unashuka, amejifunika uso kwa mikono yenye hina, na mumewe anacheka kwa sababu yeye anacheka.

Fundi alilegeza nati, akainua sahani ile kwa kitambaa, akaigeuza. Ilikuwa imekaa hivyo siku nyingi sana hata ikaacha duara la vumbi mahali pake. Mshale ukaelekea E. Mdomo wa chujio ukaangalia mbele, kwenye hewa ya watu wote. Akamwaga chupa nyingine ya maji, akasubiri, matarumbeta wakapiga taratibu kama wanaombembeleza mgonjwa.

"Sasa dada," aliniambia, "petroli imefurika humo. Kanyaga mafuta mpaka chini, usipampu, shikilia hapohapo, halafu washa. Likishika, achia polepole."

Nilikanyaga mpaka chini. Stata ikalia, ikalia, nikaanza kuihurumia betri. Kisha injini ikashika silinda moja, ikaongeza nyingine, wingu la moshi mweusi likamfunika fundi na kanzu yake mpya, na ghafla sauti ikafunguka. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilizidi vya nikahi.

Shangazi alimwamrisha dereva wa pikapu apige muziki wa kukimbia. Tulikwenda stesheni tukipata upepo, na gari halikukohoa tena. Najua sehemu kubwa ilikuwa ni yale maji baridi na kupumzika. Sitaki kudai muujiza. Lakini nililisikia linavuta pumzi kwa namna ambayo sikuwahi kulisikia saa kama ile.

Stesheni tuliingia mbio, mabegi juu juu, shangazi akiwasukuma watu kwa kiwiko. Mtumishi mmoja wa reli alikuwa amekaa kwenye benchi anakula embe.

"Treni imeondoka?" nilimuuliza nikihema.

"Treni? Bado iko Kigwa, dada. Karibuni mkae."

Tukakaa. Matarumbeta wakapiga palepale uwanjani mpaka midomo ikachoka, abiria wa safari nyingine wakacheza. Mimi na mdogo wangu tulikaa juu ya sanduku lake. Nilimfuta wanja kwa ncha ya mtandio wangu.

"Baba angecheka leo?" aliniuliza.

"Kwanza angebisha. Angesema Mfaransa ndiye aliyekosea kuandika."

Alicheka kidogo, halafu akaweka kichwa begani kwangu na sasa alilia kweli, bila sauti, kama alivyokuwa akilia utotoni. Sikumwambia anyamaze. Treni ilipofika mama wa Kalemie alimshika mkono kumpandisha, akanigeukia: "Usiogope. Nitamulinda sawa wangu." Shangazi alikuwa amesema hatalia. Alilia kuliko sisi sote, kwa sauti yake ileile ya sokoni.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa fundi, mchana kama kawaida. Kanzu yake, aliniambia, mkewe ameisuuza mara tatu na bado ina kivuli. Alieleza kuwa sasa gari linapata hewa ya baridi zaidi na nzito zaidi, hivyo petroli tuliyoipunguza imekuwa kidogo mno, inabidi tufungue skrubu kurudisha. Alinipa bisibisi. Nikasikiliza, nikafungua kidogo, sauti ikajaa, nikaacha.

Niliporudi nyumbani nilikaa ndani ya gari uani, mlango wazi. Nilikuwa nimecheka wiki nzima na wote waliokuja kusimuliwa, ila siku hiyo nilisikia uzito. Nilifikiri jinsi herufi moja ilivyomwamsha baba maisha yake yote. Kama angejua, tungeondoka saa nne kama watu wengine, gari limejaa majirani na mizigo yao, na mimi ningekaa nyuma kabisa na watoto. Yale mapambazuko tusingekuwa nayo: barabara tupu, ukungu mwembamba juu ya mashamba, yeye akiimba kwa pua na kunitazama nimalize vitumbua. Nilijikuta simhurumii hata kidogo. Nilimshukuru kwa kutokujua Kifaransa.

Mwezi wa pili baada ya harusi mdogo wangu alinipigia simu. Mumewe amenunua pikipiki, alisema, na kila mume akirudi kutoka kazini yeye akiwa jikoni anaisikia tangu kona na haimridhishi.

"Inanguruma juu mno ikisimama," alisema. "Nimemwambia inakunywa sana. Hanisikii, anasema mimi mke wa mwalimu si fundi. Nikuwekee usikie?"

Nikamwambia aweke. Nikasikia hatua zake, mlango, kuku, mume akilalamika kwa upole, kisha pikipiki ikawashwa huko Ujiji karibu kabisa na simu. Nilifumba macho nikasikiliza. Ilikuwa kweli imepanda kidogo; kumbe alfajiri zile kule nyuma hakuwa amelala.